Sauti ya Bombay, maneno ya Mvita: Juma Bhalo bado atugawanya

IWAPO umelelewa Likoni, Kisauni au Changamwe, fanya jaribio hili leo Jumapili baada ya chakula cha mchana. Weka wimbo wa Juma Bhalo, pandisha sauti kidogo, kisha jikalie kimya. Hautafika ubeti wa tatu kabla ya nyumba kugawanyika.

Mimi nilijaribu katika nyumba moja ya Bombolulu. Bibi mwenye nyumba alianza kuyafuata maneno kwa midomo, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma dua. Shemeji yake, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, akauliza ni nani aliyefungua filamu ya Kihindi. Mjukuu wao, mwanafunzi wa shule ya upili, alishangaa. Yeye alidhani kwa yakini kwamba mwimbaji ni Mhindi aliyejifunza Kiswahili!

Usimcheke. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2014, alikuwa miongoni mwa waimbaji wa taarabu waliopendwa mno Mombasa, na alijua alichokuwa akikifanya. Alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, yale ya kina Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar, akayatilia mashairi ya Kiswahili. Wala hakuishia kwenye mahadhi. Aliichukua hata namna ya kuiviringisha sauti, ikapanda juu kabisa huku ikipitia puani kidogo, nyuma yake tabla na tashkota.

Ili umwelewe, yafaa ukumbuke vijana wa wakati ule. Wa Likoni walivuka kwa feri, wa Kisauni walipita lile daraja la zamani la Nyali lililoelea majini hadi 1980, wote wakielekea kisiwani kwenye sinema za Regal, Naaz na Majestic. Walirudi nyumbani wakipiga mbinja nyimbo ambazo hawakujua hata neno moja lake. Bhalo aliwapa maneno.

Na maneno yenyewe hayakuwa ya kubahatisha. Mengi yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka 1971. Hapa ndipo penye kazi ambayo wengi hawaioni. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane upande huu na nane upande ule, na vina vyake lazima vitimie. Wimbo wa sinema haukukatwa kwa kipimo hicho. Ni sawa na kupewa kanzu ya mtu mwingine ukaambiwa uivae harusini bila kuipeleka kwa fundi. Bhalo huvuta irabu pale mahadhi yanapozidi, hukimbiza silabi pale yanapopungua, na kina hakimponyoki. Ukitaka kujua ugumu wake, chukua shairi lolote katika kitabu chako cha shule na ujaribu mwenyewe.

Mzee wa bandarini hakutikisika. Yeye ni mtu wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi aliyefariki 2016. Zein aliimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany na kutia ndani ya muziki wake midundo ya ngoma za Lamu. Huyo, alisema mzee, ametoa kilicho chetu. Mahadhi nayo ni utungo, na kila utungo una mwenyewe. Wahindi waliotunga zile nyimbo walipata nini? Tena harusi zilipojaa mahadhi ya sinema, fundi wa hapa aliyekesha akitunga ya kwake aliambiwa na vijana akae kando.

Hoja hiyo ina uzito, nami sikuweza kuijibu yote. Lakini nilimkumbusha kwamba hata huko kwenye sinema waliazima. Wimbo mmoja maarufu wa filamu Chhaya ya 1961, uliotiwa mahadhi na Salil Chowdhury, umejengwa juu ya simfoni ya arubaini ya Mozart. Na Mohamed Abdel Wahab wa Misri, ambaye wapenzi wa udi humtukuza, alichota sana kutoka muziki wa Ulaya. Mzee akajibu kwamba mwizi akiibiwa haimaanishi hakuna mwizi. Bibi akamwambia anyamaze, ubeti unapita.

Mimi nakiri niko upande wa bibi, ingawa si kwa sababu zake za harusi na ujana. Diwani ya mashairi huwafikia walionunua kitabu. Kanda ya Bhalo ilisikika jikoni, dukani na kibarazani, na leo imo kwenye simu za watoto ambao Kimvita chao kimebaki nusu.

Ushahidi niliupata papo hapo. Kijana alisikia neno “ndoo” akaangua kicheko. Iweje mpenzi aitiwe chombo cha maji? Nilidhani bibi ndiye atakayemfafanulia. Kumbe alikuwa mzee. Alimweleza kwamba kwa Kimvita “ndoo” ni njoo, kama vile mato ni macho na muyi ni mji, na kwamba babu zake hawakusema vinginevyo. Kijana akauliza kama yako mengine kama hayo. Mzee akatazama pembeni, kisha akasema wimbo urudishwe mwanzo, ila sauti ipunguzwe.