Kope Zinazochongwa kwa Kompyuta na Somo la Milimita Mbili

Mchongaji anayeunda sura ya binadamu ndani ya kompyuta huanza na kitu ambacho mtazamaji hatakiona chote, nacho ni tufe. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, na sehemu yake kubwa imefichwa ndani ya tundu la fuvu. Mchongaji mzoefu huliweka tufe hilo mahali pake kwanza, ndipo akavuta kope juu yake, kama ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma. Yule anayechora umbo la lozi usoni na kulijaza jicho baadaye hupata macho ya sanamu ya dukani: yako wazi, yanang'aa, wala hayamtazami mtu.

Ukingo wa kope una unene wa milimita 2 hivi. Upande mmoja kuna ngozi inayoota nywele, upande wa pili kuna utando laini wenye unyevu, na katikati yake yamepangwa matundu ya tezi za mafuta yanayozuia machozi yasikauke upesi. Ndani ya kope ya juu limo bamba gumu la tishu, lenye kimo cha milimita 10 hivi, linaloipa kope umbo lake. (Kiswahili hutumia neno kope kwa ngozi na kwa nywele zake pia, mchongaji hana budi kuvitenganisha.) Unene huo ukisahauliwa, jicho huonekana kama tundu lililokatwa kwa mkasi kwenye karatasi. Ukizingatiwa, pamoja na ule mstari mwembamba wa machozi unaomeremeta juu ya kope ya chini, sura huanza kuonekana hai.

Umbo la lozi lililo sawa juu na chini ni la michoro ya watoto. Kilele cha kope ya juu hukaa upande wa pua kidogo kuliko katikati ya mboni, kope ya chini huzama zaidi upande wa sikio, na kwa watu wengi pembe ya nje huwa juu kidogo ya pembe ya ndani. Jicho linapotazama mbele kwa utulivu, kope ya juu hufunika milimita 1 hadi 2 za duara lenye rangi, na ya chini hukaa karibu na ukingo wake. Ikipanda na kuacha weupe juu ya duara hilo, sura ileile huonekana imeshtuka. Ikishuka milimita 2 zaidi, huonekana inasinzia.

Milimita hizo ni za mhudumu wa afya pia. Macho ambayo msanii angeyaita ya mshangao huweza kuwa dalili ya maradhi ya tezi ya thairoidi, na uchovu wa kope unaozidi kila jioni huweza kuashiria ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Kope moja ikianguka ghafla, pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona vitu viwiliviwili au mboni iliyopanuka, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Picha zake za zamani husaidia pia, kwani huonyesha kama kope hiyo ilikuwa hivyo tangu awali.

Mwendo wa kope ni mtihani mgumu zaidi. Kope inayofumba huzunguka juu ya tufe. Programu ikiamriwa kuipeleka chini kwa mstari ulionyooka, kope hupenya ndani ya jicho, na mhuishaji hulazimika kuchonga hatua ya katikati. Kope ya juu husafiri sana, ya chini husogea kidogo kuelekea pua. Kuinuka hutegemea zaidi neva ya tatu ya fuvu, na kufumba hutegemea neva ya saba. Hiyo ya saba ikidhurika, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa ukoma, jicho hubaki wazi hata usingizini, konea hukauka na kupata vidonda, na upofu huweza kufuata. Kipimo chake hakina gharama: mgonjwa aombwe kufumba macho kwa upole, kama anayelala, na mhudumu atazame kama pengo linabaki. Kufumba kwa nguvu huweza kuuficha udhaifu huo.

Kielelezo cha kufundishia chenye kope nzuri mno hufundisha vibaya. Katika uainishaji wa trakoma, au vikope, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1987, kope ya juu hugeuzwa nje na kutafutwa vinundu 5 au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita. Mchongaji asiyeujua upande wa ndani wa kope hana mahali pa kuviweka. Maambukizi yakirudiarudia, makovu huupinda ukingo kuelekea ndani, na unywele mmoja tu unaosugua jicho unatosha kuwa ugonjwa. Ukingo huo hunyooshwa kwa upasuaji, na mkato uliokaa vibaya huweza kuurudisha unywele jichoni au kuiharibu kope. Ndiyo maana kilibuniwa HEAD START, kichwa bandia chenye kope za kubadilishwa, ili wanaojifunza upasuaji huo wafanye mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa.

Ngozi nayo isichaguliwe kwa mazoea. Kielelezo cha ngozi nyeupe pekee humzoesha mwanafunzi kutafuta wekundu juu ya kope, wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Mhudumu wa Kongwa, wilaya ya Dodoma ambako trakoma imechunguzwa kwa miongo kadhaa, huivuta chini kope ya chini ili atazame kama utando wake umepauka kwa upungufu wa damu, na huigeuza ya juu kutafuta vinundu. Programu kama Blender hupatikana bila malipo, na rangi ya utando huo huweza kubadilishwa kwa dakika chache, kutoka wekundu wa afya hadi weupe wa mama mjamzito anayehitaji kupimwa damu siku hiyohiyo.