Mwenye gunia moja hupangiwa bei

MKULIMA anayeuza kahawa ikiwa bado maua mtini, biashara iitwayo butura mkoani Kagera, hupata fedha za ada leo na kulia wakati wa mavuno. Wachaga wa Kilimanjaro walitafuta njia nyingine. Mwaka 1925, huku walowezi wakipinga Waafrika kulima zao hilo, waliunda chama cha kupambana na wadudu na kuuza kahawa kwa pamoja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Somo ni kwamba mwenye gunia moja hupangiwa bei, wenye maelfu hujadiliana. Lakini mwanachama asiyeuliza hesabu mkutanoni asishangae ghala likibaki tupu.