Kochi Ulilolitamani Utotoni

Hebu kumbuka michezo yako ya utotoni. Bila shaka wewe nawe ulijenga nyumba ya mabua nyuma ya jiko, ukaifagia, ukapanga vyombo vyako vya udongo, ukawakaribisha wageni. Katika nyumba zangu zote za namna hiyo kiti kilikuwa kile kile: makasha matatu ya kiberiti yaliyobanwa pamoja na kuvikwa kitambaa chekundu. Wenzangu walifanya vitanda na makabati; mimi nilikuwa na kochi.

Asili ya kochi hilo ni nyumba moja ya watu wenye uwezo pale kwetu Tabora, ambako mama alikuwa akipeleka mayai kila Jumamosi. Sebuleni mwao mlikuwa na kochi la mahameli jekundu, limetandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Hata watoto wa nyumba ile hawakuruhusiwa kulikalia. Mama alipewa kigoda mlangoni, akahesabiwa fedha zake, tukaondoka. Njiani nilimwambia, "Mama, nikiwa mkubwa utakaa kwenye kochi kama lile." Mama alicheka, akaniambia nitazame njia nisije nikavunja mayai yaliyosalia.

Nayaandika haya kwa sababu wengi wenu mlio na umri kama wangu, miaka thelathini na kitu, mmeanza kupata fedha kidogo za upatu au za mavuno, na jambo la kwanza linalowajia moyoni ni viti vya sebuleni. Desturi ni kununua seti nzima: kochi la watu watatu, la wawili, na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, kisha meza katikati. Sebule hujaa, mgeni akapita upande upande kama kaa. Kwa maoni yangu, chumba kidogo chafaa zaidi kuwa na kochi moja zuri la kutazamwa, na pembeni viti vya kawaida vya mbao. Wala usidhani mawazo haya ni ya kigeni. Watu wa Lamu na Unguja tangu zamani walikuwa na kiti cha enzi, kiti cha mbao nyeusi kilichotiwa nakshi za mfupa au pembe, na pa kukalia pamefumwa kwa kamba. Kimoja au viwili viliupa ukumbi heshima yake, na mgeni aliyekalishwa hapo alijua kwamba ameheshimiwa.

Basi kutamani kitu tangu utotoni si kosa. Kosa ni kwenda kukinunua na macho ya mtoto, nami nililifanya. Siku nilipopokea upatu wangu niliona kando ya barabara kochi jekundu la mahameli, lina mikono minene na egemeo refu, linang'aa juani. Sikupima kitu wala sikuuliza mbao gani. Mume wangu alisema, "Mama watoto, twende tukalale kwanza, tutarudi kesho." Nikamjibu kwamba kesho litakuwa limekwisha chukuliwa. Nyumbani lilikataa kuingia mlangoni, ikabidi kuung'oa mlango pamoja na fremu yake. Mume wangu hakusema neno, na afadhali angesema.

Mwezi wa pili mama alikuja kututembelea. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikamshika mkono, nikamkalisha. Sasa, mama yangu ni mfupi, na kochi lile lilikuwa na kina cha karibu sentimita 70. Akiegemea, miguu yaning'inia. Akisogea mbele, hana pa kuegemea. Alijitahidi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kiti hiki kinanimeza. Nipe mkeka." Akashuka, akakaa chini karibu na mlango. Usiku ule sikupata usingizi.

Mvua zilipoanza kochi likawa linalia kila mtu anapokaa, halafu likabonyea katikati. Nilimwita seremala mmoja mzee, akalipindua na kukikata kitambaa cha chini. Ndani tulikuta mbao za msonobari zilizopigwa misumari zikiwa mbichi, na sponji nyepesi iliyokwisha kumeguka kama mkate mkavu. Aliyeniuzia simlaumu sana, maana hakunizuia kulipindua; mimi sikutaka.

Yule mzee alinifundisha siku hiyo mambo ambayo chuoni kwetu kwa ualimu hayakuwamo. Alianza na kiunzi, maana uzuri wa kochi umefichwa huko. Mninga wa misitu yetu ya miombo, ule mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, una moyo ambao mchwa hawaupendi, na mbao yake ikisha kukauka haijipindi ovyo. Mtiki nao ni mzuri, ule unaopandwa Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Msonobari wafaa kwa sehemu zisizobeba uzito, mradi umekauka. Katika maungio, ulimi wa ubao mmoja uingie katika tundu la mwingine na kutiwa gundi. Msumari peke yake hulegea. Ukiagiza kochi, omba ulione kabla halijavikwa, na fundi asiyetaka kukuonyesha muage kwa heshima. Likiwa limekwisha vikwa, inua mguu mmoja wa mbele kiasi cha sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele usipofuata upesi, kiunzi kinajipinda.

Sponji hupimwa kwa uzito, yaani ni kilo ngapi katika mita moja ya ujazo, na iliyo nzito hudumu. Ibonyeze kwa ngumi uone kama yarudi mara moja.

Kuhusu vipimo alinigombeza kweli. Mkalishe kwenye benchi yule hasa unayemnunulia, nyayo zote chini, umpime toka sakafuni hadi nyuma ya goti, na toka hapo hadi mgongoni. Kwa watu wengi kimo cha sentimita 42 hadi 45, na kina cha 50 hadi 55, hutosha kwa mtu anayekaa wima. Kisha tandika sakafuni magazeti ya zamani (hata hili, ukiisha kulisoma) kwa ukubwa wa kochi unalolitaka, uyazunguke siku mbili. Na upime mlango!

Mahameli ina kasoro zake: hushika vumbi, jua la dirishani hufifisha rangi, na vipande visiposhonwa vyote kwa kuelekea upande mmoja kochi huonekana la rangi mbili. Vijana huvicheka vile vitambaa vya kufuma, lakini vina kazi. Waingereza wa karne ya 19 walivitandika kwa sababu wanaume wao walipaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Macassar na kuchafua maegemeo. Mafuta ya nywele hata leo hayajaisha.

Kochi langu sasa lina kiunzi cha mninga na kina cha sentimita 52. Limevikwa kitambaa kizito cha pamba, chekundu kilichoiva, chenye zipu ili kifuliwe. Mahameli iliyosalimika imetoa mito minne.

Mama alikuja tena baada ya mavuno. Alikaa, akatazama nyayo zake zimefika chini, akaomba ungo wa mchele achambue. Mtoto wangu mdogo akapanda kando yake na kikombe cha uji kimejaa pomoni. "Shuka!" nikasema. Mama akaacha kuchambua, akaniangalia. Nikaenda kuleta kitambaa cha kufutia.