Mlima Ulionunuliwa kwa Dola 17,000

Kusini mwa Phoenix, mji mkuu wa jimbo la Arizona nchini Marekani, kuna safu ya milima mikavu iitwayo South Mountain. Mwaka 1924 serikali kuu ya nchi hiyo iliuuzia mji huo ekari 13,000 za safu hiyo kwa dola 17,000. Ukigawanya, unapata kama dola moja na senti thelathini kwa ekari. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu ardhi yenyewe haikuwa na mgombea: pamba isingeota kwenye mawe yale, maji ya mifereji yasingepanda huko, na dhahabu waliyoipata wachimbaji ilikuwa haba. Wakuu wa mji, wakisaidiwa na mbunge wao Carl Hayden, waliitaka iwe mahali pa watu kupumzika.

Kinachonistaajabisha ni idadi ya watu waliokuwapo. Sensa ya mwaka 1920 ilihesabu wakazi 29,000 hivi mjini Phoenix. Mji mdogo kama huo, uliozungukwa na jangwa, ulikuwa na nafasi tele isiyo na mwenyewe. Hata hivyo ukatoa fedha kununua nafasi nyingine. Leo wakazi ni zaidi ya milioni 1.6, nyumba zimefika hadi miguuni mwa mlima, na hifadhi yenyewe imeongezwa ikapita ekari 16,000, sawa na kilomita za mraba 65 hivi. Ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa zinazomilikiwa na jiji nchini Marekani. Wangesubiri hata miaka thelathini, bei ingewashinda.

Mlima si mrefu. Kilele chake, Mount Suppoa, kiko kama mita 820 juu ya usawa wa bahari, na kimejaa minara ya redio na televisheni. Wageni huishia Dobbins Lookout, kwenye mita 710, ambako barabara ya lami inafika na bonde lote linaonekana. Lakini kwa umri mlima huu una mambo. Upande wa magharibi ni mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, wenye umri wa takriban miaka bilioni 1.7. Upande wa mashariki ni jamii ya matale yaliyopanda kutoka chini yakiwa moto miaka kama milioni 25 tu iliyopita. Ardhi ya eneo hilo ilipovutwa huku na huku, tabaka za juu ziliteleza zikaondoka, na mawe yaliyokuwa yamefukiwa kilomita kadhaa chini yakainuka hadi juani.

Juu ya mawe hayo, jua, vumbi na vijidudu vimejenga kwa karne nyingi ukoko mweusi wa madini ya chuma na manganizi. Ukiugonga ukoko huo kwa jiwe gumu, rangi ya kijivu ya ndani hutokeza. Hivyo ndivyo Wahohokam, wakazi wa kale wa bonde hilo, walivyochora: watu, kondoo wa milimani, mijusi, duara zinazojizungusha. Michoro yao ni maelfu. Ni watu haohao waliochimba mamia ya kilomita za mifereji kutoka mto Salt na kulima jangwani kwa zaidi ya miaka elfu moja, kabla ya vijiji vyao vikubwa kuachwa karibu mwaka 1450. Walowezi waliofika miaka ya 1860 walifuata njia za mifereji hiyo ya kale kuanzisha mji wao, na jina la Phoenix, ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, lilichaguliwa kwa sababu hiyo.

Katika korongo la Pima kuna maandishi ya Kihispania kwenye mwamba yanayodai kwamba padri Marcos de Niza alipita hapo mwaka 1539. Wataalamu wengi wanaona ni ya kughushi. Mimi yananikumbusha mtu asiyetajwa humo: Estevanico, Mwafrika aliyezaliwa Azemmour, Morocco, akauzwa utumwani, na ambaye mwaka huohuo wa 1539 alimtangulia padri huyo katika safari ya kuelekea kaskazini akiwa kiongozi wa njia. Aliuawa katika kijiji cha Wazuni, katika eneo la New Mexico ya leo. Mwamba wa uongo umempa padri sifa, naye Mwafrika aliyetangulia hana hata herufi moja.

Barabara, vijia na vibanda vya mawe vya hifadhi vilijengwa hasa na vijana wa kikosi cha kazi alichokianzisha Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa kwao nyumbani. Walitumia mawe ya mlima wenyewe, ndiyo maana vibanda vyao vinaonekana kama vimeota pale.

Kwa mimea, mwenye mlima ni saguaro, dungusi mkubwa anayeweza kupita mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Tawi la kwanza huweza kumchukua miaka 50 au zaidi. Akiwa mche hujificha chini ya mti mwingine unaomkinga na jua na baridi. Akikua, kigong'ota humtoboa shina na kutengeneza kiota, na kigong'ota akihama, bundi mdogo kuliko wote duniani huhamia humo. Mwezi Juni Waoodham, wanaojitambua kuwa kizazi cha Wahohokam, huchuma matunda yake mekundu kwa miti mirefu.

Kuna pia mti wenye shina nene, gome linalobanduka kama karatasi na utomvu unaonukia, ambao Waingereza na Wamarekani wanauita mti wa tembo. Upo hapa karibu na ukomo wa kaskazini wa eneo unakoota. Ni wa ukoo mmoja na ubani wa Dhofar na manemane ya Somalia. Kwa familia zilizotoka Kongo na Burundi, ambazo zimepewa makazi Phoenix na zinazungumza Kiswahili huko, huyo ni ndugu wa miti ya nyika ya Afrika Mashariki. Kwenye nyufa za mawe anaishi chuckwalla, mjusi mnene ambaye dume wake hapa ana mkia wa rangi ya machungwa. Akitishwa huingia ufani na kujijaza hewa hadi asiweze kuvutwa.

Waoodham wanauita mlima huu Muhadagi Doag, na kwao ni mtakatifu. Eneo lao la Gila River linapakana nao upande wa kusini. Ununuzi wa mwaka 1924 ulifanywa kana kwamba hawakuwapo, na miaka karibu tisini baadaye jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Serikali ya jimbo ilitaka kupitisha barabara kuu kwenye ncha ya kusini-magharibi ya mlima. Mwaka 2012 wananchi wa Gila River walipiga kura kuikataa. Walikwenda mahakamani, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2017. Matuta ya mlima yalilipuliwa kwa baruti, na Desemba 2019 barabara ya kilomita 35, iliyogharimu kama dola bilioni 1.7, ikafunguliwa. Naiona kuwa dhuluma. Hifadhi iliyouzuia mji kujenga nyumba mlimani ilipaswa kuwazuia pia wajenzi wa barabara.

Tangu mwaka 1985 katiba ya jiji inalinda ardhi ya hifadhi za milima isiuzwe bila kura ya wananchi. Lakini sheria haizuii joto. Saguaro hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, kunapopoa, na lami na saruji za Phoenix huhifadhi joto la mchana hadi alfajiri. Kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai 2023 jiji lilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na usiku 16 mfululizo halijoto haikushuka chini ya nyuzi 32. Wataalamu wa bustani ya mimea ya jangwani ya Phoenix waliwaona saguaro wakipoteza matawi na wengine wakianguka. Kupanda miti ya kivuli mitaani na kupunguza lami sasa ni sehemu ya kuutunza mlima, na kazi hiyo inafanyika nje kabisa ya mipaka ya hifadhi.