Mikono ya Edobei na Mikono Iliyomchonga

Mwaka 2025 televisheni ya NHK ya Japani ilirusha kila Jumapili tamthilia ya Berabou, juu ya maisha ya Tsutaya Jūzaburō, mchapishaji wa Edo (Tokyo ya leo) aliyenyang'anywa nusu ya mali yake mwaka 1791 kwa kutoa vitabu vilivyoiudhi serikali. 

Kati ya chapa za mbao alizotoa Tsutaya, inayostahili kutazamwa leo ni ya mwaka 1794: mwigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Japani) Ōtani Oniji wa Tatu akiwa Edobei, mtumishi mwovu anayetaka kumpora mwenzake fedha. Mchoraji Sharaku kamchora kuanzia kifuani. Shingo imesogea mbele, midomo imekazwa, nyusi zimepanda. Mikono imechomoza katikati ya kimono, vidole vimepanuka, tayari kunyakua. Kwa uso ule, mikono hiyo ni midogo mno. Mwingine angeisahihisha; Sharaku kaiacha, na ndiyo inayotisha. Nyuma yake ni weusi wa ulanga uliosagwa, unaometameta karatasi ikiinamishwa kwenye mwanga.

Sharaku alifanya kazi kwa miezi kama kumi tu, akaacha chapa zaidi ya 140, akatoweka. Tangu Mjerumani Julius Kurth alipomwandikia kitabu mwaka 1910, wataalamu hawajachoka kumsaka. Wengi sasa wanamtaja Saitō Jūrōbei, mwigizaji wa tamthilia za Nō. Jasho lote hilo kwa mtu mmoja! Mchongaji je, nani kamtafuta?

Na mchongaji ndiye aliyeubandika mchoro kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akauchonga hadi karatasi ikaisha na mistari ikabaki imeinuka. Kila rangi ilitaka ubao wake, wenye alama pembeni ili karatasi isihame hata unywele. Kisha mpigachapa akalaza karatasi yenye unyevu, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi.

Chapa ina sahihi ya Sharaku. Ina muhuri wa ukaguzi. Ina nembo ya Tsutaya, kilele cha Mlima Fuji juu ya jani la mtambaazi. Mwenye fedha, mwenye kalamu na mwenye mamlaka wote wamo. Wenye patasi na kisugulio hawamo, na huo ni udhalimu hata kama ndiyo iliyokuwa desturi.

Tamthilia ya Berabou nayo ilimbeba mchapishaji, kama ilivyotarajiwa. Nakala za Edobei zipo Tokyo na New York. Atakayeisogelea mojawapo aangalie panja: nywele zimechongwa uzi kwa uzi, nyembamba kuliko mstari wowote wa sahihi.