KWA NINI MWALIMU HAKUMTOA KIPA?

Msomaji mpendwa, ikiwa ulikuwa uwanjani Jumamosi ile ya nusu fainali katika muhula wa kwanza, basi bila shaka wimbo wa "Toa kipa! Toa kipa!" ungali masikioni mwako. Mimi umeniganda zaidi, kwa sababu ndimi niliyeuanzisha. Baada ya mchezo tulibishana bwenini hadi taa zikazimwa, tukaendelea gizani, na asubuhi yake tukabishana kwenye foleni ya uji. Mwenyekiti wa chama chetu cha Kiswahili aliponikuta nikipayuka aliniambia, "Wewe unayejua hoki sana, si utuandikie makala basi?" Nikakubali upesi. Nilidhani nitajaza kurasa mbili za kumlaumu mwalimu wa michezo na kazi iishe. Lakini mwandishi hana budi kuuliza maswali kwanza, na majibu niliyoyapata siyo niliyoyatarajia.

Kwa wale wasioujua mchezo huu (na mko wengi, maana siku ya hoki nusu yenu huwa mmekwenda kutazama mpira wa kikapu), hoki au mpira wa magongo huchezwa na watu 11 kila upande, kipa akiwa mmoja wao. Kwa kanuni za kimataifa mchezo una robo nne za dakika 15 kila moja. Zamani ulikuwa na vipindi viwili vya dakika 35. Wala si mchezo mgeni kwetu. Mwaka 1964 Kenya ilishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona. Nahodha wa miaka hiyo, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972. Wavulana wetu walionekana Olimpiki mara ya mwisho Seoul mwaka 1988. Hayo ni ya wazee wetu, tuyaache hapo.

Sasa, kosa la kwanza la sisi mashabiki ni kwamba tumelelewa na kandanda. Katika kandanda mchezaji akitolewa ametolewa, anavaa koti na kuketi, na kila mtu anaelewa kuwa kocha hakupendezwa naye. Katika hoki sivyo. Mchezaji hutoka na kurudi, hutoka tena na kurudi tena, mara nyingi kadiri kocha apendavyo, na saa haisimamishwi. Anayetoka hupitia karibu na mstari wa katikati, na mwenzake haingii mpaka yeye awe nje. Wale wa kiungo hukimbia mno, kwa hiyo kocha huwapumzisha dakika chache na kuwarudisha wakiwa na pumzi mpya. Jumamosi ile mshambulizi wetu hodari alipotolewa robo ya kwanza tulipiga mluzi wa kuzomea. "Ati anamtoa huyo! Kwani mwalimu amelogwa?" Dakika nne baadaye alikuwa amerudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyetambua, kwa sababu tulikuwa bado tunazomea.

Tulikuwa tumefungwa mabao mawili kabla ya mapumziko. La tatu lilipoingia nikapanda juu ya kiti nikaanza ule wimbo. Ukashika moto. Na ulifikia kilele wakati refa alipowapa wapinzani shoti kona, yaani kona ya adhabu. Hapa ndipo nataka uniazime sikio vizuri, kwa maana hapa ndipo ujinga wetu ulipojianika.

Shoti kona hutolewa hasa wakati mlinzi anapofanya kosa ndani ya lile eneo la nusu duara mbele ya lango. Mshambulizi mmoja huweka mpira kwenye mstari wa nyuma, mita 10 au zaidi kutoka mwimo wa lango, na wenzake husubiri nje ya nusu duara. Wanaokaba huruhusiwa watu watano tu nyuma ya mstari, kipa akihesabiwa. Wengine wote hutimuliwa hadi katikati ya uwanja. Mpira ukisukumwa, mmoja wa wale wanne huchomoka kama mshale kumkabili mpigaji. Huyo ndiye mkimbiaji wa kwanza. Kazi yake si ya mchezo, kwa sababu anaukimbilia mpira ambao karibu utapigwa kwa nguvu kumwelekea yeye. Akichelewa hatua mbili, kipa hubaki peke yake na mpira unaokuja kama jiwe la kombeo.

Na kanuni inasema hivi: tangu shoti kona itolewe hadi imalizike, hakuna kubadilisha mchezaji yeyote, isipokuwa kipa anayekaba akiumia au akipewa kadi ya kumtoa nje. Kwa maneno mengine, tulipokuwa tunaimba kwa nguvu zaidi kwamba kipa atolewe, mwalimu hangeweza kumtoa hata angetaka. Bao la nne likaingia. Tukafungwa manne kwa moja.

Jumatatu nilimkuta mwalimu nje ya chumba cha walimu akisahihisha madaftari. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya makala. Aliniangalia kidogo juu ya miwani.

"Wewe si ndiye uliyekuwa juu ya kiti?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Haya. Chukua kalamu tuhesabu mabao."

Alichora nusu duara nyuma ya karatasi ya mtihani. Bao la kwanza lilitokana na shoti kona, na mkimbiaji wetu alichelewa. La pili liligonga gongo la beki wetu mwenyewe likabadilisha njia. La tatu, mpira ulipita chini ya mguu wa kipa. Hilo lilikuwa lake na halina utetezi. La nne, shoti kona tena, mkimbiaji akachelewa tena. "Sasa niambie," akasema, "mngeimba 'toa' nani?"

Nikanyamaza. Kisha nikauliza swali ambalo nadhani ndilo lenye uzito katika mjadala huu wote: mkimbiaji wetu mwenye kasi alikuwa wapi? Ninyi mnajua alikuwa wapi. Alikuwa benchi tangu mwanzo hadi mwisho, amefunga kamba za viatu vyake na kuzifungua mara ishirini. Alikosa mazoezi ya Jumanne bila ruhusa, na mwalimu alikuwa ameonya kwamba atakayekosa mazoezi hatacheza.

"Ningemwingiza, wale 15 waliokuja Jumanne kwenye mvua ningewaambia nini?" akauliza. Baadaye akaongeza kwa sauti ya chini, "Hilo lakini bado linanisumbua."

Mimi, kwa heshima zote, siungi mkono uamuzi huo. Adhabu ya kukosa mazoezi ingekuwa kukimbia kuzunguka uwanja, au kufyeka nyasi wiki nzima. Kumweka nje siku ya nusu fainali kuliadhibu watu wengine, na aliyeadhibiwa kuliko wote ni kipa, ambaye Jumanne alikuwa matopeni tangu saa kumi. Wenzangu wa bweni la pili wanasema nidhamu haina nusu fainali wala fainali. Tumebishana hadi tukachoka, na sioni dalili ya kuafikiana.

Lakini kuhusu kipa mwenyewe, kwa nini hakutolewa baada ya lile la tatu, kabla ya shoti kona? Kipa wa akiba alikuwepo, amevaa pedi zake zote. Mwalimu alisema sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yule wa akiba ni mtoto wa kidato cha pili ambaye hajawahi kucheza mechi kubwa. Kumtupa pale tukiwa tumefungwa matatu ni kumtoa kafara. Ya pili aliisema pole pole: "Ningemtoa mkiwa mnaimba vile, angejua mimi na ninyi tumesema neno moja."

Nilikuwa na jibu tayari, maana Jumapili nilikuwa nimesoma kisa cha Patrick Roy. Huyu alikuwa kipa wa Montreal Canadiens ya Kanada, katika hoki ya barafuni. (Usicheke, msomaji. Hata Nairobi tuna timu ya barafuni iitwayo Ice Lions, na Kenya iliingia katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024.) Roy alikuwa ameipa Montreal kombe la Stanley mara mbili, 1986 na 1993. Tarehe 2 Desemba 1995 walicheza nyumbani dhidi ya Detroit Red Wings, na siku hiyo mambo yalimwendea mrama. Mabao yakaingia moja baada ya jingine. Alipodaka mpira mwepesi, mashabiki wake mwenyewe wakamshangilia kwa kejeli, naye akainua mikono juu kuwajibu kwa kejeli vilevile. Kocha Mario Tremblay, ambaye zamani walicheza pamoja timu hiyohiyo, hakumtoa. Alimwacha mpaka bao la tisa. Roy alipotoka alimpita kocha bila neno, akageuka, akamwendea rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia kwamba huo ndio mchezo wake wa mwisho Montreal. Siku nne baadaye alipelekwa Colorado Avalanche. Juni 1996 akashinda kombe akiwa na Colorado.

"Kwa hiyo, Mwalimu," nikasema, "kumwacha ndani kipa anayezomewa nako ni kumdhalilisha. Wewe ulifanya kama Tremblay."

Nilidhani atanifukuza. Aliifunika kalamu yake nyekundu, akaifunua. "Manne si tisa," akasema. Kisha, "Lakini nililifikiria hilo usiku kucha. Nilimtazama aniashirie kama anataka kutoka. Hakuniashiria." Kengele ikalia, akaondoka na madaftari yake.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kati ya watu wote waliobishana shuleni, nikiwemo mimi, hakuna aliyekuwa amemwuliza kipa. Tunalala naye bweni moja, kitanda chake na changu vinatenganishwa na sanduku. Jumatatu ile ile alikuwa amerudisha pedi, glavu na helmeti stoo, akatia sahihi kwenye daftari kwamba vyote vimepokelewa. Ilinichukua majuma matatu kupata ujasiri. Jioni moja baada ya chakula nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa wimbo ule.

"Ulikuwa unaimba sauti ya kwanza au ya pili?" akaniuliza. Yeye ni mwanakwaya, na nikadhani anafanya mzaha.

"Ya kwanza."

"Najua. Wewe nilikusikia. Wale wengine walikuwa kelele tu."

Nilimwuliza kama alitaka kutolewa. Akasema baada ya bao la tatu alitaka ardhi ipasuke, lakini kwenye shoti kona ile ya mwisho alikuwa ameusoma mpira vizuri, angeuona ukitoka gongoni angeudaka. Beki wake alifika amechelewa akamziba macho. Alinionyesha kwa mkono mahali mpira ulipopitia. Anapakumbuka hadi inchi.

Siku hizi jioni ninakwenda uwanjani kuwapigia mipira. Langoni anasimama yule wa kidato cha pili, na rafiki yangu husimama kando ya mwimo akimwelekeza: mguu wa kushoto, usilale mapema, mtazame gongo usimtazame mtu. Helmeti hajaivaa tena. Nilichungulia stoo wiki jana. Pedi zake ziko pale alipoziacha, na jezi namba 1 mwalimu hajampa mtu.