Idadi ya Wauguzi katika Nyumba za Wazee

Wako watu wa Kenya waliokwenda Marekani wakapata kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba maalum. Jamaa zao huuliza: je, mtumishi mmoja aweza kuwatunza wazee wangapi?

Swali hilo si dogo. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani asipogeuzwa mara kwa mara hupata vidonda. Mwingine hana budi kulishwa polepole asije akapaliwa. Mwingine huinuka peke yake usiku kwenda msalani, akaanguka na kuvunjika. Kengele tatu zikilia pamoja na mtumishi ni mmoja, wawili watangoja.

Sheria ya mwaka 1987 iliziagiza nyumba zinazolipwa na Serikali Kuu ya Marekani ziwe na muuguzi aliyesajiliwa kwa saa 8 mfululizo kila siku, na wauguzi wenye leseni usiku na mchana. Lakini juu ya idadi, ilitaka watumishi wawe wa kutosha tu, bila kutaja hesabu.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilitoa kanuni yenye hesabu: kila mzee apate karibu saa tatu na nusu za uuguzi kwa siku, na katika hizo, dakika 33 ziwe za muuguzi aliyesajiliwa, na saa 2 na dakika 27 ziwe za wasaidizi. Kwa hiyo nyumba yenye wazee 100 ingehitaji watu 44 kwa siku, kila mmoja akifanya zamu ya saa 8.

Wenye nyumba walikwenda mahakamani, wakisema kwamba wauguzi ni haba, hasa mashambani, na gharama ni kubwa mno. Mwezi wa Aprili 2025 mahakama moja ya Texas iliitangua kanuni hiyo; mwezi wa Julai Bunge likaizuia hata mwaka 2034; na mwezi wa Desemba Serikali yenyewe ikaifuta. Hata hivyo baadhi ya majimbo, kama California, yana hesabu zao wenyewe.

Jambo moja lafaa likumbukwe. Kila nyumba inayolipwa na Serikali Kuu hulazimika kubandika kila siku, mahali pa wazi, hesabu ya wauguzi walio kazini katika kila zamu. Ampelekaye mzazi wake huko na aisome karatasi hiyo kwanza, hasa hesabu ya usiku. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini aubebaye ndiye ajuaye uzito wake.